Nilimwambia Mdogo Wangu Maji Yatashuka

Kosa ni langu. Naanza hivyo kwa sababu miaka yote hii nimelipatia jambo hili kila jina isipokuwa hilo. Nililiita ajali, nikaliita bahati mbaya, nikaliita kudra ya Mwenyezi Mungu mbele ya watu waliokuwa na haki ya kujua. Leo naliita kosa, na mwenye kosa ni mimi ninayeandika.

Jina langu sitalitaja. Mimi ni fundi wa mabomba wa Jang'ombe, kazi niliyorithi kwa marehemu baba yangu. Miaka ya tisini, majumba ya Mji Mkongwe yalipokuwa yanageuzwa hoteli moja baada ya jingine, nilikuwa mkandarasi mdogo mwenye mafundi wachache na kiburi kikubwa. Kazi zilikuwa zinanitafuta zenyewe, na mimi nikadhani ni kwa sababu sikosei.

Nina mdogo wangu wa kike, nitamwita Zuhura ingawa silo jina lake. Baba alipofariki tulibaki na mama, kwa hiyo kwake nilikuwa kaka na nusu ya baba. Akaposwa na kijana wa Mji Mkongwe, wa ukoo wa Kiarabu, watu wa jina, watu wa nyumba yenye mlango wa nakshi. Sisi babu yetu alikuja kutoka bara kupakua mizigo bandarini. Mnaelewa posa ile ilivyozungumzwa, upande wao na upande wetu!

Aliyekata maneno ni baba wa yule kijana, mhandisi aliyesoma nje, mtu mzima mwenye heshima zake. Aliwaambia jamaa zake kuwa yeye anatafuta binti mwenye adabu, nasaba anayo ya kutosha nyumbani. Mama yangu alimwombea dua kila sala mpaka alipokufa. Nyumbani tulimwita Injinia, na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Wenzangu wa Unguja mtanielewa nikitaja muhali. Wa kwingine niwaeleze. Muhali ni ile haya inayokuzuia kumwambia mtu neno la kweli kwa kuwa yu karibu nawe, au amekutendea wema, na ukilisema utamvunjia uso. Mtu anakukanyaga mguu, nawe unamwonea muhali kumwambia ainue wake. Tunauita ustaarabu, na mara nyingi ni ustaarabu kweli.

Sasa ikatokea tajiri mmoja kanunua jumba la kale, la ghorofa kadhaa, dari zake za boriti. Wageni wake walikuwa wanatoka Ulaya, na mawakala waliomletea wageni walitaka hoteli iwe na vinyunyizi vya moto. Wakati ule vitu hivyo vilikuwa vigeni mjini kwetu. Ni mabomba yanayopita darini, na kila baada ya hatua kadhaa kuna kichwa kidogo chenye kichupa cha kioo. Moto ukiwaka chini yake, joto linapasua kichupa, na maji yanamwagika yenyewe bila mtu kufungua chochote.

Tajiri akampa Injinia kazi ya kuchora. Injinia akasema fundi anaye, akaniita mimi.

Katika kazi ya namna hii kila swali lazima liwe na mwenyewe. Nani achore bomba lipite wapi? Injinia. Nani alinunue na kulifunga? Mimi. Hayo hayana ubishi. Lakini nani apige hesabu kujua kama maji yakifika juu kabisa yatakuwa na nguvu? Tangi lilikuwa juu ya paa. Maji yakiteremka yanapata nguvu kadiri yanavyoshuka, kwa hiyo ghorofa ya chini yanatoka kwa kishindo, lakini ghorofa ya juu, iliyo chini tu ya tangi, hayajapata nafasi ya kushika kasi. Hapo huenda ikahitajika pampu. Hesabu ya pampu hiyo ingeweza kuwa ya mchoraji na ingeweza kuwa ya mkandarasi. Kilichotakiwa ni kuamua mapema ni ya nani.

Tulikaa kikao uani mwa jumba lile, kwenye vigoda vya mafundi, na kahawa. Tajiri alikuwa mtu wa biashara, si mtu wa kuzungushwa.

"Miye nataka kujua kila mmoja kabeba nini," alisema. "Andikeni, huyu hili, huyu hili. Isije kesho mkawa mnatupiana mpira na nyumba ni yangu."

Injinia alicheka, akaniwekea mkono begani. "Huyu ni mwanangu. Nduguye yuko ndani kwangu. Watu na wakwe zao wataandikiana karatasi za nini? Sote tumebeba, inshallah."

"Naam, Mzee," nikasema. "Siye nyumba moja."

Swali la pampu nilikuwa nimetoka nalo Jang'ombe, liko mdomoni. Lakini ningeliulizaje? Kumwuliza mzee yule, mbele ya tajiri, kama hesabu ile ameshaifanya au ananiachia mimi, ni kama kumwambia kazi yako hujaimaliza. Mtu aliyempa dada yangu nyumba! Nikamimina kahawa nyingine, nikaliacha.

Tajiri alitutazama mmoja mmoja, akainua mabega. Alikuwa mgeni kwenye undugu wetu, na yeye pia nadhani aliona muhali kuendelea.

Tukafanya kazi. Nilifunga mabomba vizuri, sijisifu, hakuna kiungo kilichovuja hata kimoja. Tulipokaribia kukabidhi, niliwaacha mafundi waende kula nikabaki kujaribu maji kwa koki ya majaribio ya kila ghorofa. Chini nilipofungua yalipiga sakafu mpaka yakanirukia usoni, nikacheka peke yangu. Ghorofa ya kati yaliridhisha. Nikapanda juu kabisa, kwenye chumba kilichopangwa kuwa cha mashuka na pasi, nikafungua.

Yalitoka kama maji ya birika, yale ya kumnawisha mgeni mikono. Yakachirizika ukutani kwenye chokaa mpya.

Nilisimama nikiyatazama. Kisha nikafunga, nikavua shati, nikapangusa ukuta ule mpaka pasionekane alama. Wallahi, katika yote niliyoyatenda, lile la kupangusa ukuta ndilo linalonirudia zaidi. Mtu asiyejua kosa hapangusi.

Alasiri ile ile nilikwenda kwa Injinia nikiwa nimeazimia kusema. Nilijisemesha njia nzima, nikipita Darajani watu wanadhani nimechanganyikiwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kazi imefika wapi?"

"Inakwisha, Mzee, alhamdulillahi."

"Hakuna lilokukwaza?"

Hapo ndipo palipokuwa pangu. Mlango aliufungua mwenyewe. Lakini saa ile ile Zuhura akaingia na sinia la kahawa na halua, tumbo la mimba yake ya kwanza limeanza kuonekana, na mama mkwe wake yuko nyuma anamgombeza kwa mapenzi asibebe vizito. Nikaona anavyopendwa. Nikajiona mimi, ndugu wa mke, nimekaa kwenye busati la watu, namwambia mwenye nyumba mbele ya mkewe na mkwewe kuwa mchoro wake una upungufu.

"Hakuna, Mzee," nikasema. "Mambo mazuri."

Alinitazama. Akaanza, "Kule juu, mwanangu..." Kisha akasita, akanisogezea sahani ya halua. "Kula, usinionee haya."

Nikala.

Siku ya ufunguzi tajiri alialika watu wengi, akataka waonyeshwe vinyunyizi. Wakaniuliza tujaribu wapi. Nikasema tujaribu hapa chini, juu mashuka yameshatandikwa yatarowa. Maneno yalitoka mepesi, na kila mtu akayaona ya busara. Nikafungua, maji yakamwagika kwa nguvu, wageni wakarudi nyuma wakipiga makofi. Injinia hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama, na nilipomtazama akageuza uso akaanza kuzungumza na mtu mwingine.

Nikajiambia nitalisema baada ya Idi. Idi ikapita. Nikajiambia nitamwendea tajiri kimya kimya nimuuzie pampu kama nyongeza, bila kumtaja mtu. Lakini tajiri angemwuliza Injinia, na Injinia angejua nimepita mgongoni mwake. Basi kila njia niliyoiwaza nikaukuta muhali umekaa mlangoni. Na hoteli ilikuwa imejaa, watu wanaingia na kutoka, hakuna kinachotokea. Mtu huzoea upesi sana kitu ambacho bado hakijatokea.

Kisha Zuhura akapata kazi pale. Alikuwa ameshajifungua, mama mkwe wake anamlea mtoto, na yeye alitaka kupata chake. Tajiri akamweka juu kabisa, kwenye chumba cha mashuka na pasi.

Nilipoambiwa, nilitamani kumwambia asiende. Lakini ningempa sababu gani?

Wiki zake za mwanzo nilipita kumjulia hali. Alikuwa na mwenzake, Bi Asha, mtu mzima wa Michenzani, wamezungukwa na marundo ya mashuka meupe mpaka kwenye boriti. Chumba kilikuwa na joto. Zuhura akaninyooshea darini.

"Kaka, hivi vidude ndo ulivotia weye?"

"Ndivyo."

"Na kweli moto ukiwaka vinatoa maji?"

Bi Asha aliacha pasi kunisikiliza. Zuhura alikuwa anatabasamu, ananitambulisha kwa mwenzake kwa swali lile. Nawaomba mnisikilize vizuri hapa. Ningeweza kusema neno moja tu, kwamba moto ukiwaka ukimbie. Neno hilo halikuwa la kumvunjia heshima mtu yeyote. Lakini nilitazamwa na wanawake wawili walioniona bingwa, nikataka kubaki bingwa.

"Wewe usihangaike," nikamwambia. "Kichupa kinapasuka, maji yanashuka yenyewe kama mvua. Wala usikimbie."

"Unasikia, Bi Asha?" akasema. "Kaka yangu huyu!"

Nikaaga, nikateremka ngazi zile.

Siku yenyewe umeme ulikatika mchana, kama ilivyokuwa ada. Wakaacha pasi, wakaenda kusali. Pasi moja ilibaki imelazwa juu ya shuka, haikuchomolewa, kwani nani hukumbuka kuchomoa kitu ambacho hakina umeme? Umeme ukarudi hawapo. Waliporudi walikuta meza inaungua na moto umeanza kupanda kwenye rundo la karibu.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Bi Asha, kwenye ua wa hospitali, amejifunika mtandio mpaka usoni.

"Moto ulikuwa mdogo bado," alisema. "Nikamwambia, mwanangu, tutoke. Nikamshika mkono namvuta. Anatizama juu tu. Akanambia, 'Subiri, Bi Asha, maji yanakuja, kaka yangu ndo aloyatia.' Kichupa kikapasuka kweli, tukakisikia. Akacheka. Kikatoka kijimaji tu, kinadondoka. Akanambia subiri, ndo yanaanza. Nikamwacha, nikakimbia. Mungu anisamehe miye, nikamwacha."

Alinieleza yale kwa kunifariji. Alidhani ananipa la kujivunia, kwamba dada yangu aliniamini mpaka mwisho.

Wafanyakazi wa hoteli walimtoa. Alikuwa amejaribu kuvuta mashuka yaliyowaka kwa mikono yake, nadhani alipoona maji hayaongezeki. Mikono yote miwili iliungua, na shingo, na upande mmoja wa uso. Paa liliteketea. Ghorofa za chini zilisalimika, vinyunyizi vyake vilifanya kazi vizuri sana.

Jioni ile nilikuwa na Injinia kwenye benchi la hospitali. Alikuwa ameinama, kofia yake ya kiua iko mkononi, na nilikuwa sijawahi kumwona bila kofia.

"Mwanangu," alisema, "ile pampu nilidhani utaihesabu weye."

"Nami nilidhani umeshaihesabu, Mzee."

"Nlitaka kukuuliza siku ile ulipokuja. Nikaona muhali. Nikasema kijana huyu hakusoma kama nilivosoma miye, nikimuuliza atadhani namdharau. Atadhani ni kwa ajili ya ukoo wenu."

Alikuwa na hofu ile ile niliyokuwa nayo, ila yeye aliishika kwa upande wa pili. Na tofauti moja ilikuwapo ambayo sikumwambia: yeye alidhani tu, mimi nilikuwa nimeyaona maji yanachirizika ukutani.

Mumewe Zuhura akatoka wodini. Macho mekundu. Akasimama mbele yetu.

"Baba, kwani yale maji yamekuwaje? Mbona hayakutoka?"

Injinia alinitazama. Nikatazama sakafu.

"Kudra, mwanangu," akasema.

"Kudra," nami nikasema.

Ndivyo tulivyoamua, bila kukaa kikao. Watu wakalaumu umeme, na umeme una mgongo mpana Unguja, hauwezi kujitetea. Wengine wakamlaumu Zuhura mwenyewe kwa kuacha pasi. Nilisikia kwa masikio yangu, kwenye msiba wa watu wengine, mwanamke mmoja akisema yule binti wa Jang'ombe kazembea. Nikanyamaza!

Alipoweza kusema, Zuhura aliniita. Mikono ilikuwa imefungwa yote, imelazwa juu ya mto. Alingoja mama mkwe wake atoke.

"Kaka, ntakuuliza kitu, usikasirike."

"Uliza."

"Ulijua?"

Nilikuwa nimepewa nafasi nyingine, na safari hii hapakuwa na tajiri, wala Injinia, wala halua. Tulikuwa watoto wawili wa mama mmoja.

"Sikujua, mdogo wangu," nikasema.

Akafumba macho. "Nlijua. Nlisema miye, kaka angejua angenambia."

Nikamsawazishia mto chini ya mikono, nikaaga.

Injinia hakuchora tena. Aliuza meza yake ya kuchorea, akawa mtu wa msikitini na nyumbani. Kabla hajafariki alituma niitwe. Alikuwa amekonda, sauti haitoki vizuri. Akanambia, "Miye nshachelewa. Weye mdomo unao." Nilijua anataka nini. Nikambusu mkono nikaondoka, na nikakaa miaka mingine bila kusema.

Ndoa ya Zuhura haikuvunjika. Mume wake ni mtu mwema, amesimama naye. Lakini Zuhura hakuweza tena kumbeba mtoto wake kama mama anavyobeba, maana vidole havikunjuki. Akija kwangu Sikukuu mke wangu humlisha, nami hujizuga na kazi yoyote uani mpaka wamalize. Nikipita vichochoro vya Mji Mkongwe siangalii milango kama wageni wanavyoangalia. Naangalia madirisha ya juu kabisa, na kila nikiona shuka limeanikwa natafuta moshi.

Siku hizi nikiitwa kazini, kabla ya kahawa, nasema mbele ya wote: hili langu, hili lako mhandisi, na hili halina mwenyewe bado, tulipatie mwenyewe kabla sijafungua boksi la vifaa. Wananiona sina adabu. Mmoja aliniambia nimekuwa Mzungu. Kazi kadhaa zimenipita kwa ajili hiyo, na waacheni zipite.

Wenzangu mafundi, na nyie mnaochora, nawasihi. Mkiwa ndugu, mkiwa wakwe, mkiwa mmenyonya ziwa moja, ndipo mwandikiane zaidi. Kitu kilichobebwa na "sote" hakuna aliyekibeba. Mwulize mzee wako akasirike leo. Akikasirika atakuja kupoa, na ukimtuma mtu mwenye hekima mtapatana. Na ukiwa umeliona kosa kwa macho yako, usilipanguse. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami niliuficha ugonjwa wangu, akaja kuumbuka mwengine.

Mhariri ameniahidi jina langu halitatoka, na sidhani hilo litasaidia kitu. Mume wa Zuhura hununua gazeti hili. Kwa kuwa mkewe hawezi kulishika, humsomea kwa sauti baada ya chakula cha mchana, ukurasa hadi ukurasa, na ukurasa huu wa maungamo ndio anaoupenda. Kwa hiyo shemeji, ndiwe unayeyasoma haya kwa mdomo wako, na habari za marehemu baba yako umezisoma pia. Nisamehe kwa njia niliyoichagua. Usoni nimeshindwa, hata leo nimeshindwa. Tafadhali usiache hapa, msomee na mstari wa mwisho.

Zuhura, nilijua.